Ikilia Puu, Usipige ya Pili

Watu wakisikia nilikuwa fundi bunduki, kitu cha kwanza wanachoangalia ni vidole vyangu. Wanavihesabu kimyakimya, naona macho yanavyotembea. Vipo vyote, ahsante. Kimoja kimepinda, ila hicho nilikibana na mlango wa choo nyumbani kwangu Daraja Mbili, sio kazini. Mke wangu ndiye shahidi, na mpaka leo akikumbuka anacheka peke yake jikoni.

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana wa karakana mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa. Mimi wa kuandika! Shule niliishia kidato cha pili, na nikisema niliiacha najipendelea. Ilishaniacha yenyewe siku nyingi, mimi nilikuwa naenda tu kwa mazoea. Kwa hiyo mwalimu yeyote akisoma hapa afumbe jicho moja. Mambo ya vyeo sigusi, sikupata. Nitaandika kitu kimoja tu ambacho ndicho nilikifanya maisha yangu yote: kutoa vitu vilivyokwama ndani ya mtutu. Risasi iliyogoma kutokea mbele, na risasi iliyogoma kutokea nyuma. Na kila iliyogoma, ukifuatilia vizuri, utamkuta mjuaji mmoja amesimama karibu anasema, "Mimi nilikuwa nataka kuisaidia tu."

Nilianza nikiwa fundi baiskeli pale sokoni. Aliyenichukua ni Mzee Anaeli, Mmeru wa upande wa Nkoaranga, mzee wa kanisa, mtu wa kahawa na migomba, ambaye sikuwahi kumsikia akitukana hata siku nyundo ilipomwangukia mguuni. Alisema ametaka fundi baiskeli kwa sababu mtu anayeweza kunyoosha ringi anajua kuangalia kitu kwa jicho moja bila haraka. Mimi nikajua nimesifiwa, nikavimba kichwa. Kilipungua siku hiyohiyo.

Siku ya kwanza aliingia mteja na bunduki begani, Mzee akanipa niishike, akauliza, "Rama, ina risasi?"

Nikamtazama mteja. Mteja akatikisa kichwa, hakuna. Nikasema, "Hapana, Mzee."

"Nimekuuliza wewe, au nimemuuliza yeye?"

Akaichukua, akaelekeza mdomo wa mtutu kwenye pipa la mchanga lililokaa pale kona, akafungua. Risasi nzima ikaruka, ikabiringika sakafuni mpaka kwenye kiatu changu. Mteja akacheka, "Ah! Hiyo nilisahau."

"Haya," Mzee akaniambia. "Kuanzia leo, mtu akikwambia haina kitu, wewe jua ina vitu viwili."

Nilidhani ni utani wa kizee. Sikujua kwamba kuna siku itakuwa na vitu viwili kwelikweli, na nitaikumbuka sauti yake.

Vifaa vyetu mnavijua, maana bado vipo, ila naona siku hizi mnavifunika vumbi mkiangalia simu. Kuna vaisi ya kubania bunduki mezani, na mdomo wake tulikuwa tunauvisha ngozi ya viatu vya zamani ili usiume bunduki. Kuna nyundo ya plastiki, ambayo wateja wakiiona wanacheka, wanauliza kama ni ya mtoto. Kuna rodi za shaba, kila moja imechongwa iingie kwenye mtutu wake bila kucheza. Shaba kwa sababu ni laini kuliko chuma, haikwaruzi ndani. Na iwe nene ya kujaza tundu, kwa sababu ukitumia nyembamba inapinda, inapita pembeni ya kilichokwama, inajikaza nacho, na sasa una ndoa ambayo hata kanisa haliwezi kuivunja.

Halafu kuna mafuta. Hapo ndipo Mzee alipotaka kuniua. Unadondosha mafuta mbele na nyuma ya kilichokwama, halafu unafanya nini? Hufanyi kitu. Unakaa. Mimi damu inachemka, nataka kugonga. Yeye anamimina kahawa ya shambani kwake kwenye kikombe. "Mafuta yako kazini, Rama. Usiyaharakishe, hayakuharakishi wewe." Nilikunywa kahawa nyingi sana miaka ile, ndiyo maana mpaka leo nalala kwa shida.

Sasa wajuaji. Mungu aliwagawa sawasawa mji mzima, hakuna mtaa uliopunjwa. Alikuja mmoja wa Terrat, risasi imekwama katikati ya mtutu, akawa ameisukuma na spoku ya baiskeli. Spoku ikanasa. Akaisukuma spoku na waya wa kuchomelea. Waya ukanasa. Aliponiletea mtutu ulikuwa umejaa kama duka la vifaa vya ujenzi, na bado alikuwa ananielekeza nianzie wapi. Mwingine alimwaga soda ndani kwa sababu ameona mtandaoni. Nikamuuliza huyo wa mtandaoni anaitwa nani, akasema hajui, ila ana watu wengi wanaomfuata. Nikamwambia hata kinyesi kinafuatwa na nzi wengi.

Mwingine, na huyu nawaapia, risasi nzima ilikwama kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, haitoki, haiingii. Akaenda kuipasha moto kwenye jiko la mkaa ili chuma kitanuke. Risasi nzima! Yenye baruti! Akaniambia, "Lakini fundi, nilisimama mbali."

"Mbali wapi?"

"Upande wa pili wa jiko."

Kitu kilichomwokoa ni mkaa wake kuwa mbichi. Muuza mkaa mwizi ndiye aliyemwachia roho yake, na mimi nikamshauri ampelekee zawadi.

Lakini mfalme wa wajuaji wote ni yule anayesema, "Piga nyingine, itaisukuma itoke." Huyu yuko kila mahali, mjini na mlimani, na anasema kwa sauti ya mtu aliyeshafanya. Hajafanya. Aliyefanya hasemi. Kichwa cha risasi kikiwa kimekaa ndani ya mtutu halafu ukapiga nyingine nyuma yake, ule moto hauna pa kwenda mbele, kwa hiyo unatafuta njia pembeni, na pembeni ndiko uliko uso wako. Mtutu unachanika kama ganda la ndizi. Nimeona uliochanika. Mwenyewe sikumwona, waliniambia yuko hospitali, na sikuuliza zaidi.

Mlimani nilikuwa nikienda kila mwaka, upande wa Olmotonyi, kwenye posti ya walinzi wa msitu. Wale wana bunduki chache za kujilinda na nyati, na ukungu wa Meru hauna adabu, unaingia kila mahali. Kwa hiyo wana dawa yao, sijaiona kwingine: wanachomeka gunzi la mahindi kwenye mdomo wa mtutu. Gunzi kavu, limechongwa kidogo, linakaa kama kizibo cha chupa. Maji hayaingii, nyigu hawaingii kujenga udongo wao. Nawapa heshima, ni akili nzuri. Tatizo ni kukumbuka kulitoa. Gunzi likilowa linavimba, na mwaka mmoja nilitoa magunzi mengi mpaka mlinzi mmoja akauliza kama naweza kumrudishia lake, lilikuwa la mbegu nzuri.

Huyo mlinzi anaitwa Eliakimu. Mrefu, mpole, Mlutheri wa kwaya, anacheka mpaka machozi. Zamu zake alikuwa akienda na Saruni, ambaye kwake yeye ni shemeji: Saruni amemuoa dada yake Eliakimu. Saruni ni mfupi, mkali, mdomo kama kisu. Walikuwa wanataniana kutwa nzima. Ukiwasikia wakipandisha njia ya msituni unadhani kuna ugomvi, kumbe mmoja anamwambia mwenzake anatembea kama bibi harusi.

Na mkubwa wao posti alikuwa mtu ambaye tulimwita Kamanda. Hakuwa kamanda wa kitu chochote. Alijipa mwenyewe hilo jina, na kwa kuwa hakuna aliyelitaka, akabaki nalo.

Kila nikimaliza kusafisha nilikuwa nawakalisha pale nje nawapa somo langu, lilelile kila mwaka, na vichekesho vyangu vilevile. Nawaambia, "Bunduki nzima inasema paa! Sasa siku moja utavuta triga na yenyewe itasema puu, kama mtu aliyekula maharage kanisani. Bega halisukumwi, moshi kidogo tu. Ikilia puu, usipige ya pili. Iache imeelekea mahali salama, subiri kidogo, maana wakati mwingine inachelewa tu kulipuka. Halafu fungua, angalia ndani ya mtutu kutokea nyuma kama unaona mwanga. Huoni mwanga, basi hiyo sio bunduki tena, ni bomba lililozibwa. Niletee."

Eliakimu alicheka hapo kwenye maharage kila mwaka. Kamanda alikuwa akipiga miayo. Mwaka fulani akanikatiza, "Fundi, na nyati akiwa anakuja? Huko porini hakuna muda wa kuchungulia chungulia."

Nikamwambia, "Kamanda, na nyati akija ukawa huna uso, utamwangalia na nini?" Wakacheka wote. Nikaridhika na nafsi yangu, nikashuka mjini. Ni rahisi sana kujibu swali la nyati ukiwa umekaa kwenye kiti.

Mzee Anaeli alishastaafu wakati huo, amerudi kwenye kahawa yake. Karakana ilikuwa mikononi mwangu. Asubuhi moja nikasikia gari la posti linapaki, halafu sauti ya Kamanda inatangulia kama kawaida, halafu yeye mwenyewe anapanda zile ngazi zetu za mawe, bunduki imelala mkononi, mdomo wa mtutu unapita mlango, unapita mimi, unapita kalenda, unanirudia mimi.

"Elekeza kule kwenye mchanga!"

"Haina shida, fundi, hii haifanyi kazi."

Mnaona? Nimewaambia yuko kila mahali.

Nyuma yake akaja Saruni, mguu mmoja una plasta kubwa mpaka pajani, na magongo mawili. Alisimama chini ya ngazi akizipima kwa macho. Na nyuma ya Saruni pikipiki ikamshusha Eliakimu, amevaa nguo za nyumbani, sio sare. Akakimbia kumshika mwenzake mkono apande.

Saruni akautoa mkono wake. "Siku ile huo mkono ulikuwa wapi?"

Akapanda peke yake, ngazi moja, anapumzika, ngazi moja, jasho linamtoka. Eliakimu akabaki chini ameinua mikono kidogo, kama mtu anayemlinda mtoto asianguke, ila hathubutu kugusa. Nikajua hapa sio mambo ya bunduki tu.

Habari nikaipata kwa vipande. Walikuwa doria, njia nyembamba, nyati dume akatoka kwenye kichaka bila hodi. Saruni alikuwa mbele na panga tu, akarushwa, akaangukia kwenye upupu uso chini, na nyati akamrudia mguu. Bunduki alikuwa nayo Eliakimu. Na Saruni, amelala pale uso kwenye majani, alisubiri paa. Hakuisikia. Alichosikia ni shemeji yake anapiga makelele.

"Anapiga makelele kama mwanamke anayejifungua," Kamanda akadakia. "Ameganda na bunduki nzima mkononi! Hakupiga, fundi. Ndiyo maana nyati akaondoka mwenyewe alipochoka."

"Nilipiga," Eliakimu akasema kutoka mlangoni. "Ililia puu."

"Puu!" Kamanda akacheka. "Basi alisahau gunzi. Moja kati ya mawili: ameganda, au amesahau gunzi. Yote ni kufukuzwa. Mkubwa wa mjini amesema fundi aangalie kwanza, basi angalia, utuambie."

Kufukuzwa kazi lilikuwa jambo la Kamanda. Kwa Saruni kulikuwa na jingine, na alilisema mwenyewe, polepole, akinitazama mimi tu. "Fundi, dada yake huyu ni mke wangu. Nimemwambia, kama kaka yako aliniacha pale nikaliwa, hakanyagi tena kwangu, na wewe huendi tena kwao. Analia tangu siku ile. Kwa hiyo usinieleze maneno. Mimi nionyeshe. Ndani kuna nini?"

Nikaipokea bunduki, mdomo kwenye mchanga, nikainama kuiangalia. Bolti, kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga, haijafunga, haijafunguka, imesimama katikati kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nikaishika, haiendi mbele, hairudi nyuma. Nikamuuliza Eliakimu, "Uliiacha hivi?"

"Hapana. Ilipolia puu niliifungua. Ganda likatoka, na unga wa baruti ambao haujaungua ukamwagika mkononi. Nikaiacha wazi. Wewe ndiye uliyesema, fundi. Tangu hapo imekaa sandukuni."

Nikamgeukia Kamanda. Kamanda akatazama kalenda.

"Leo asubuhi nikasema niijaribu," akasema. "Nisikusumbue bure. Nikasukuma risasi ndani, ikawa ngumu, nikaigonga kidogo na kiganja. Ikagoma."

"Ulikuwa unataka kuipiga?"

"Kama ingefunga, ndiyo. Ili tujue ni nzima."

Vijana, niliitazama ile bolti. Ilikuwa imebakiza upana wa kucha kufunga. Yaani mtu amesukuma risasi nzima yenye baruti yake nyuma ya kitu kilichoziba mtutu, ameipiga na kiganja, ameilaza kwenye kiti cha gari, mtutu umeelekea mbavu za dereva, akaja nayo mpaka mjini kwenye mashimo yote yale, halafu ananiambia haifanyi kazi. Kama kile kilichoziba kingekuwa kimekaa mbele kidogo tu, bolti ingefunga, na Kamanda angepata majibu yake. Sisi wengine tungeyapata msibani.

Mtu akikwambia haina kitu, jua ina vitu viwili. Nikaisikia kabisa sauti ya Mzee, na kikombe cha kahawa kikigonga meza.

Nikawatoa wote nje, wakakaa kwenye ngazi. Saruni hakutaka kutoka, nikamwambia mguu mmoja umeshauharibu, kichwa nakihitaji kwa sababu ndicho kitakachotoa hukumu. Akatoka. Nikavaa miwani yangu, na juu yake miwani ya kazi, nikafanana na chura. Bunduki kwenye vaisi, ngozi pande zote, mdomo wa mtutu ndani ya mchanga. Kidole changu hakikuipita triga hata kwa salamu. Na rodi hapo huigusi kabisa! Ukiisukuma kutokea mbele wakati kuna risasi nzima nyuma, unagandamiza mabalaa mawili pamoja na unaomba yapatane. Kwanza inatoka ile risasi nzima. Kilichoziba kinasubiri zamu yake.

Nikadondosha mafuta kutokea nyuma. Nikakaa. Kahawa sikuwa nayo, nikanywa maji. Mlangoni Kamanda akaanza, "Fundi, kule kwetu huwa tunagonga na..." Nikamwambia neno moja la Daraja Mbili ambalo Mzee Anaeli asingelipenda. Akanyamaza.

Halafu nikasimama pembeni, sio nyuma ya bolti, na nyundo ya plastiki nikaanza kugonga mkono wa bolti kwa chini. Taratibu. Tap. Tap. Nyundo ya mtoto, si ndiyo? Mara mkono ukapanda kidogo. Tena kidogo. Bolti ikarudi nyuma kwa malalamiko, na risasi ikaja nayo, nzima, ila kichwa chake kilikuwa kimerudishwa ndani ya ganda kama kobe aliyeona mbwa.

Nikaitenga mbali. Nikaangalia ndani ya mtutu kutokea nyuma. Giza. Nikaenda mlangoni nikawaambia waingie, hatari imekwisha, kimebaki kilichoziba.

"Gunzi hilo," Kamanda akasema kabla hajaona.

Nikaingiza rodi ya shaba kutokea mdomoni. Ikaingia, ikaingia, ikaenda mpaka karibu na chemba, ndipo ikagota. Nikamwonyesha Kamanda kwa nje ilipofika. "Gunzi mnachomeka huku mbele. Hili lako lilitembea mtutu mzima kurudi nyuma, kwa miguu ya nani?"

"Basi udongo wa nyigu."

"Nionyeshe," Saruni akasema. Alikuwa amekaa kwenye stuli, magongo yamelala mapajani. Hakumtazama Eliakimu, na Eliakimu alikuwa amesimama ukutani anatazama sakafu, anafungua na kufunga kifungo cha shati.

Mafuta tena, pande zote mbili. Kukaa tena. Huo ulikuwa ukimya mbaya kuliko wote niliowahi kuukalia, maana na mimi nilikuwa na langu moyoni. Lile somo la maharage kanisani lilikuwa langu. Kama ndani mna kichwa cha risasi, basi huyu mtu alisimama mbele ya nyati, bunduki ina risasi nyingine zimejaa, akaacha kupiga kwa sababu ya maneno yangu. Na kama ni udongo tu, basi alidanganya, na dada yake anapoteza upande mmoja wa familia leo hii kwenye karakana yangu. Vyovyote itakavyokuwa nitalala vibaya.

Nikaanza kugonga rodi. Mzee alinifundisha kugonga kwa wimbo ili mkono usikimbie, na wimbo aliokuwa nao ni wa kanisani. Kwa hiyo mimi, Ramadhani, niliyetoka swala ya asubuhi, nikaanza kuunguruma wimbo wa Kilutheri puani. Tok. Tok. Sauti ngumu, haisogei. Tok. Mafuta kidogo. Tok. Eliakimu kule ukutani, bila kujua, akaanza kuitikia besi. Kamanda akatutazama kama tumerukwa na akili.

Halafu sauti ikabadilika. Mnaijua hiyo sauti, au mtaijua: ile tok inakuwa tuk, na rodi inakuwa kama inapumua. Imesogea. Nikapunguza mkono. Tuk. Tuk. Kwanza vikamwagika vipande vya baruti iliyoganda kama ugali wa jana, haijaungua, imelowa zamani na kukaukia humohumo. Ukungu wa Meru, na risasi zilizokaa kwenye mkoba miaka bila mtu kuzibadilisha, na anayetakiwa kuzibadilisha alikuwa amesimama pale anatafuta pa kuweka mikono. Halafu kikaanguka kwenye kitambaa kitu kizito, ti!

Sikukigusa. Nikakibeba na kitambaa chake, nikampelekea Saruni.

Kichwa cha risasi. Chekundu cha shaba, mistari ya mtutu imejikata pembeni, mipya, inang'aa. Saruni akakishika kwa vidole, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Hii mistari?"

"Ni alama ya kuingia mtutuni kwa nguvu. Ukikichomeka kwa mkono haiji hivyo. Alipiga. Fataki ile ya kwenye kitako cha risasi ililipuka, baruti ikagoma. Hiyo ndiyo puu."

"Na bunduki ilikuwa na nyingine ndani."

"Ilikuwa nazo."

"Angepiga ya pili?"

"Uso wake usingekuwepo. Na nyati angekuwa bado hapo, na wewe bado uko chini."

Saruni akauliza lile swali la Kamanda, ila yeye aliuliza kweli. "Sasa fundi, mtu afanye nini, na nyati yupo?"

Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na kichekesho. Nikasema, "Sijui, ndugu yangu. Mimi najua ya kwenye vaisi. Muulize yeye alifanya nini."

Saruni akageuka, mara ya kwanza tangu afike. "Ulifanya nini?"

Eliakimu akaacha kifungo. "Nilivua koti. Nikaanza kulipunga na kupiga kelele, nikakimbia upande wa bondeni. Ili akuache, anifuate mimi."

"Zile kelele..."

"Nilikuwa namwita nyati."

"Akakufuata?"

"Akanifuata mpaka korongoni. Nikaruka, yeye akakataa kuruka. Koti alibaki nalo."

Kamanda akakohoa, akanionyesha bunduki kwa kidevu. "Kwa hiyo fundi, sasa imefunguka. Tunaweza kuijaribu?"

Nikaendelea kufuta rodi yangu.

Saruni akakitia kile kichwa cha risasi mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Kamanda akaanza kusema hicho ni mali ya posti, akatazamwa, akaacha. Saruni akasimama kwa shida, akaenda mpaka juu ya ngazi, akazipima kwa macho kama mwanzo. Halafu akanyoosha gongo moja pembeni bila kugeuka, na Eliakimu akalipokea, na Saruni akamtupia mkono begani, uzito wote.

Wakaanza kushuka. Ngazi ya katikati Saruni akasimama kuvuta pumzi.

"Ila shemeji, siku nyingine ukimwita nyati, mwite kwa jina lake. Mimi kule chini nilisikia unamwita mama."

"Mama nilimwita pia," Eliakimu akasema. "Nilianza na yeye."